Theluji ya mashine Karuizawa: tulivyoenda na watoto

Wenzangu wa kazini waliposikia nawapeleka watoto kwenye theluji Karuizawa, mji wa milimani mkoa wa Nagano hapa Japani, walicheka. Kule si theluji, wakasema, ni barafu ya kusaga. Wao huenda Yuzawa, ng'ambo ya milima, ambako majira ya baridi watu huamka na kupiga koleo ndipo waione barabara. Sasa nimekwenda nikarudi, na niwape haki yao: ni barafu ya kusaga kweli. Lakini kwa mtu wa Tanga mwenye mke asiyewahi kuvaa skii (zile mbao ndefu za kutelezea theluji), binti wa miaka 8 na mvulana wa miaka 5, ningechagua tena palepale.

Tunakaa Kawaguchi, jirani na Tokyo. Kazi yangu ni kutafuta magari na kuyapakia yaende Dar, kwa hiyo gari la kuazima silikosi. Tatizo matairi. Barabara za kupandia Nagano wakati wa baridi huziendi na matairi ya kawaida, na kuvalisha manne ya theluji kwa safari ya siku moja ni hesabu isiyokubali. Tukapanda Shinkansen, treni ya mwendo kasi, pale Omiya. Ukianzia Tokyo, nauli ya mtu mzima kwenda tu inakaribia yeni 6,000, mwanafunzi wa msingi nusu yake, na wa chini ya miaka 6 unampakata bure. Safari yenyewe ni saa moja na dakika kumi hivi. Ukishaipita Takasaki treni inazama kwenye mahandaki na kupanda kutoka chini ya mita 100 hadi kama mita 940 kabla hujamaliza kikombe cha chai. Masikio yakaziba, mdogo akaanza kulia. Mama yake akampa andazi atafune, yakazibuka.

Unatokea mlango wa kusini wa stesheni, na kwa miguu ya watoto ni kama dakika kumi umefika uwanja wa skii. Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Desemba. Kilima kizima cha kahawia, nyasi zimekauka, miti haina jani, na katikati pametandikwa ukanda mweupe kama mtu kaanika shuka. Ukigeuka kaskazini-magharibi unaukuta Mlima Asama, volkano hai ya mita 2,568, na juu yake mbingu ya buluu isiyo na hata wingu moja.

Binti akasimama. "Baba, theluji nyingine iko wapi?"

Nikamwambia ni mambo yaleyale ya Usambara. Upepo wa bahari unapanda milima unamwaga mvua yote Amani, ukivuka kwenda Same umeshakauka. Hapa upepo unatoka Siberia, unanywa maji ukivuka Bahari ya Japani, halafu theluji unaimwaga Niigata, kuliko na Yuzawa, na kwenye milima ya upande ule. Karuizawa inaletewa baridi tupu. Hata Olimpiki ya Nagano ya mwaka 1998, mji huu ulichezewa kurling, ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu. Skii zilichezwa kwingine.

Kwa hiyo wanaitengeneza, na aliyewahi kupulizia gari rangi ataelewa upesi. Mashine ya kwanza ni bunduki ya rangi tu, ila kubwa: maji na hewa ya kompresa vinatoka pamoja kama ukungu, matone yanaganda yakiwa bado angani. Hiyo inataka hewa kavu iliyo chini ya nyuzi 0, ndiyo maana kazi yake kubwa ni ya usiku. Ya pili inagandisha maji ndani ya mtambo, inayasaga, kisha inayamwaga kilimani. Hiyo haijali hewa ikoje, na ndiyo inayoviwezesha viwanja vya namna hii kufunguliwa Oktoba au Novemba wakati wenye theluji ya Mungu wangali wanaangalia mawingu. Tuliikuta moja ya zile za kupuliza bado inafanya kazi. Inanguruma kama jenereta, na vumbi lake likikupiga usoni linachoma kama mchanga wa ufukweni siku ya kaskazi kali. Mvulana alichota akaonja kabla mama yake hajamuwahi. "Kama barafu za bibi Tanga," akasema, "ila hii haina ukwaju."

Tulifika saa nne, na hilo kosa letu wenyewe, maana foleni ya kukodi vifaa ilitula karibu saa nzima. Nendeni na treni ya mapema. Fomu inauliza urefu, uzito na mguu kwa sentimita: mimi ninayevaa 43 hapa nilikuwa 27 na nusu. Mabuti ya skii ni kama umefungwa plasta miguu yote miwili, unatembea kwa kisigino na kulaumu kila ngazi. Akina mama wanaojistiri wasiwe na hofu, kofia ngumu inakaa vizuri juu ya mtandio mwembamba ukiubana. Shungi nene halienei. Nguo, viatu, kofia, vyote vinakodishwa. Glovu ndizo niliambiwa tuje nazo, nami nikaona ujanja kununua zile za sufu za duka la yeni 100. Baada ya nusu saa zimelowa, baada ya saa moja zimekakamaa, na mvulana ameficha mikono kwapani hataki tena hata kuigusa theluji.

Hapo ndipo niseme kilichoifanya siku iwe siku. Pembeni kuna uwanja wa watoto uliozungushiwa wavu, una tiketi yake, na wenye skii hawaruhusiwi kupita. Unapewa sleji ya plastiki, unashuka kwa makalio, na kurudi juu hupandi kwa miguu: kuna mkanda unaokubeba umesimama, kama ule wa mizigo uwanja wa ndege. Nikamvalisha mvulana soksi mikononi, juu yake mifuko ya plastiki ya dukani, akashuka mara ambazo sikuzihesabu. Mzee mmoja Mjapani aliyekuja na mjukuu wake alitutazama, akacheka, akatoa glovu za akiba mfukoni akampa. Zilikuwa za waridi. Mtoto hakujali.

Binti tulimtia darasa la watoto la saa mbili. Linafundishwa Kijapani, kwake si taabu kwa kuwa anasoma shule ya hapahapa. Mwalimu anawaambia wapange skii kama herufi ya "ha" ya katakana, mwandiko mmojawapo wa Kijapani, vijistari viwili vinavyoegemeana kama paa la makuti: ncha za mbele zikaribiane, za nyuma zipanuke, nawe unapunguza mwendo. Alipotoka darasani alinifundisha mimi. Nilimwelewa vizuri, miguu haikumwelewa.

Na hapa sasa barafu inarudi. Asubuhi ardhi ile ni sakafu ya terazo. Saa saba jua limewaka, juu inalegea kama barafu iliyosagwa kwenye juisi, na huo ndio muda mzuri kwa anayejifunza. Saa tisa na nusu kivuli kinaingia, inaganda upya, na mikwaruzo ya watu wote wa siku nzima inabaki kama reli. Mimi nilianguka saa kumi kasoro. Skii moja iliingia kwenye reli yake, nyingine ikachagua njia yake, nikakaa kwa kishindo ambacho mke wangu anadai alikisikia kutoka kwenye benchi. Theluji laini ingenipokea, hii ilinirudisha. Siku tatu nililala kifudifudi. Kama hamna kaptula ya sponji ya ndani, shona hata kitambaa, sitanii.

Jambo jingine, Desemba mapema njia zilizofunguliwa ni chache, na kwa kuwa weupe wote ni ule ukanda mmoja, wote mnakutana hapo: wewe unayejifunza, na vijana wanaoteleza kwa ubao mmoja, wanaoshuka kama bodaboda zisizo na breki. Anayejua skii atachoka na pale kwa asubuhi moja. Msimu ukisonga wanaongeza njia.

Chakula tulibeba. Kare ya Kijapani inanukia vizuri mno kwenye baridi ile, lakini mchuzi wake mara nyingi una mafuta ya wanyama, na katsu, ile nyama ya kukaangwa, mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo Mwislamu awe na hotipoti yake. Tulikuwa na chapati, maharage ya nazi na chupa mbili za chai ya tangawizi, tukala kwenye benchi la nje juani. Adhuhuri niliswali nyuma ya jengo, kwenye koti, paji la uso likapata habari yake.

Kwa wanne, nauli, vifaa, tiketi na darasa, ilitoka yeni 50,000 na ushee, nusu yake treni. Ghali, ndiyo. Na jihadharini, kati ya uwanja na stesheni kuna maduka makubwa ya nguo za punguzo, utayapita utake usitake.

Tumepanga kurudi Februari. Glovu za maana nimeshanunua jozi tatu. Za mke wangu bado. Anasema safari hiyo yeye anashukia madukani, tutamkuta hapo jioni.