Wamenikodisha kamera yenye sloti mbovu ya kadi halafu wanashika diposti yangu

Hasira niliyo nayo hata sijui nianzie wapi. Kuna hili duka la kukodisha kamera hapa tao, jina silitaji, wanaolijua wanalijua. Juzi nilikuwa na kazi ya kava ya jarida, tunampiga picha fundi mmoja wa nguo kule Gikomba katikati ya marobota ya mitumba, nikakodi Canon 5D Mark IV kwao sababu yangu inatengenezwa. Kamera yenyewe sina neno nayo, neno langu ni kwa yule kijana wa kaunta. Nilimwomba nitie kadi zangu mbili nipige hata picha moja kabla sijatoka, akaniambia "Boss, nimeshaitesti, watu wanangoja," na hata hajaniangalia usoni, macho yako kwa simu.

Mpigapicha wa jarida hafanyi kazi na kadi moja jamani. Faili ya raw, yaani picha ghafi kama kamera ilivyoinasa, inaandikwa kwa kadi hii na nakala yake kwa ile papo hapo, moja ikifa mhariri asikose picha. Na kava hairudiwi hivi hivi tu, umeacha nafasi juu ya kichwa ya jina la jarida, umeacha pembeni pa maandishi, zile za kurasa mbili umeusogeza uso usimezwe na mkunjo wa katikati. Priya Ramrakha, mpigapicha wa habari, mtoto wa hapa hapa Nairobi, aliwapigia picha majarida ya Time na Life kwa filamu, na filamu ikiharibika imeharibika. Sisi tumepewa sloti mbili halafu mtu anakukodisha moja na amenyamaza!

Nafika Gikomba, kadi ya CF, moja ya zile mbili, ile nyingine ni SD, haiingii. Namulika ndani na tochi ya simu naona pini moja imelalia mwenzake, na imekwaruzwa, maana yake kuna mtu alishajaribu kuinyoosha na sindano ama kitu kama hicho. Hiyo si ya leo, hiyo walikuwa wanaijua. Ikabidi nitumie SD peke yake, napiga kidogo nasimama, nachomoa kadi nahamishia kwa laptop, napiga tena, mwanga mzuri wa asubuhi unaisha nikiuangalia na fundi wa watu ana wateja wake wanamngoja.

Narudisha kamera, kijana anasema pini nimepinda mimi. Mbele ya watu! Eti sisi hatujui kushika vitu vya wenyewe.

Sasa kusema haki ya Mungu, lenzi ya milimita 85 waliyonipa ilikuwa safi sana, kope za yule fundi unazihesabu moja moja, na bei yao pia haiumizi. Halafu kuna mzee hukaa pale nyuma, aliiangalia ile pini akasema waziwazi "hii ni ya kitambo." Kwa ajili yake nilikuwa nawapa nyota mbili, hata tatu. Lakini kijana akamwambia anyamaze, mtu wa umri wa baba yake! Basi hapana, hata moja siwapi, lenzi nzuri au si nzuri.

Diposti mpaka sasa haijaingia M-Pesa, nikipiga simu naambiwa meneja hayuko. Picha ya ile pini ninayo kwa simu na Jumatatu naenda, sitoki pale kaunta mpaka huyo meneja atokee.