Miti ya gemu: ulipie nini kwanza ukijenga mandhari ya Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Mafinga anaijua misindano ya Sao Hill. Mingi ni Pinus patula: sindano ndefu, laini, zinazoning'inia kama nywele zilizolowa. Ukimwekea kwenye gemu mti wa sindano fupi zilizosimama wima, atajua papo hapo kwamba si kwao. Ndiyo maana tumepanga machaguo haya kwa swali moja: kipi kitakupa mti wa huku?

1. Blender na picha zako mwenyewe. Programu hii ya kuchonga maumbo ya 3D ni bure, kwa hiyo pesa yako iende kwenye filta ya kamera ya kupunguza mng'ao. Ukungu wa Mufindi ni neema kwa kazi hii, maana mwanga husambaa na jani halibebi kivuli kikali. Chuma vitawi 6 hadi 8, vilaze juu ya kitambaa cheusi, upige kutoka juu. Vipange vyote kwenye picha moja ya pikseli 2048 kwa 2048. Kiongezo cha Sapling Tree Gen, nacho cha bure, kitakujengea shina na matawi. Majani utayapachika kama vibao bapa vyenye picha hiyo.

Hapa ndipo wengi huharibu. Mti ukiwa mbali, weusi wa kitambaa huvujia kwenye jani na kuliachia ukingo mchafu; tandaza kijani pikseli 16 nje ya mstari wa jani. Kosa la pili ni kibao chenye nafasi tupu kubwa. Kadi ya picha ya kompyuta hukokotoa hata pasipo na jani, na vibao vikirundikana gemu hukwama. Kata kibao kifuate umbo la kitawi: pembetatu chache za ziada (ndizo vipande vinavyojenga umbo la 3D) ni nafuu kuliko uwazi. Kwa mti wa karibu, pembetatu 6,000 hadi 8,000 zinatosha. Wa kati 2,000. Wa mbali, kibao kimoja chenye picha yake.

2. Tree It. Programu ya kutengeneza miti, bure na nyepesi, hata kwa kompyuta ya kawaida. Inafaa kwa mikaratusi na miti ya miombo. Migomba ya Rungwe haitoki humo, kwa kuwa haina matawi. Ichonge kwa mkono, na usisahau kuyachana majani, maana upepo huyachana.

3. SpeedTree. Nayo ni programu ya miti. Kwa ubora wa mwendo wa upepo na hatua za umbali (matoleo ya mti ya karibu, kati na mbali), hii inaongoza. Tumeishusha kwa sababu leseni hulipwa kwa dola na majani ya huku bado utayapiga picha mwenyewe. Inunueni mkiwa kikundi chenye aina nyingi za miti.

4. Vifurushi vya maumbo vilivyo tayari. Kwa nyasi na mawe, sawa. Tovuti ya Poly Haven hutoa bure, hata kwa gemu ya kuuza. Kwa miti, usilipe kabla ya kuona jina la spishi, idadi ya pembetatu na hatua za umbali. Na maua ya Kitulo usiyamwage sawasawa kila mahali: yapange kwa mafungu, yenye nyasi tupu katikati.