Vikao vya afya ya akili kwa sisi wa bondeni, Mabogini (Moshi): nyota 4

Kama unakaa huko juu Kibosho au mjini unaweza usielewe naongelea nini. Sisi wa Mabogini na Kahe masika mnaweza mkalala hakuna hata tone, mawingu yako mlimani tu, alafu usiku wa manane mto unashuka na mvua ya watu wengine, mpunga kwisha, kuku kwisha, godoro ndo usiseme. Na mvua zenyewe siku hizi hazieleweki, mara zichelewe mpaka mbegu zioze, mara zije zote kwa wiki moja. Sasa mtu aliyepitia hayo akisikia ngurumo tu moyo unamwenda mbio, na akisema anaambiwa huyo apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

Huduma yenyewe iko kwenye zahanati moja huku kwetu, jina nalihifadhi kwa sababu nina ya kulalamika pia. Ni bure, unajiandikisha kwa mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, mnakaa kikundi na kaunsela mnaongea.

Ukifika unajazishwa fomu ile ya maswali 9 inayotumika kupima sonona, wiki 2 zilizopita umekosa usingizi mara ngapi, hamu ya kula je, kila swali lina pointi kuanzia 0 mpaka 3 alafu wanajumlisha. Kiukweli nilijua hapa kila mtu anaondoka na bahasha ya vidonge. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele yangu akajibu usingizi hapati karibu kila siku. Kaunsela akaweka peni chini akamuuliza, "Mama, ukiwa macho unafanya nini?" Akasema nasikiliza mto. Kaunsela akamwambia, "Basi hiyo ni zamu mama yangu, shida ni kwamba unailinda peke yako."

Aisee pale ndo waliponipata. Kikao kizima kikageuka, watu wakaanza kupanga nani ana ndugu huko juu wa kupiga simu maji yakianza kujaa, nani anagonga milango ya wasio na simu, bibi asiyeweza kutembea anabebwa na nani na wanampeleka wapi. Mpaka zamu za usiku zikaandikwa kwenye kauntabuku. Yule mama baadae alikuja kutuambia analala, anaamka zamu yake tu. Na wale ambao mzigo umewazidi, wanaofikiria hata kujidhuru, kaunsela anawachukua pembeni anawaandikia rufaa, hawaachwi na story za kikundi.

Hii ya watu wa kawaida kusikilizana sio ngeni, Zimbabwe Dr. Dixon Chibanda alianza nayo 2006 kule Mbare, Harare, bibi 14 wakapewa mafunzo wakawa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi. Hapa kwetu tumezoea wataalamu waje baada ya maafa, kama Hanang Desemba 2023 ile tope iliposhuka Katesh. Huku mnakutana kabla maji hayajaja, na kwangu hiyo ndo tofauti.

Sasa malalamiko. Mabenchi yako nje pembeni ya njia na kijiwe cha bodaboda hatua chache tu, mtu analia huku jamaa wanageuza shingo, jioni mtaa mzima unajua nani alilia na kwa sababu gani. Ndio maana wanaume hawaji, wanapita wanasalimia wanaelekea kwenye mbege, wakati ndo hao hao wenye mikopo ya pembejeo shambani. Kuna chumba cha stoo kimejaa maboksi, kitolewe maboksi basi. Alafu muda, mnaambiwa saa nne kaunsela anaingia saa sita, mtu kaacha kibarua cha kupalilia.

Na kiangazi wanapunguza vikao, sijui nani aliwaambia jua haliumizi kichwa. Jirani yetu ana shemeji yake wa Longido ambaye ng'ombe wake walikufa ule ukame wa 2022, alikuja kumtembelea akakaa nasi kikao kimoja, hakusema neno mpaka mwisho akauliza tu kama na kwao vinafanyika. Kaunsela hakua na jibu.

Kujiandikisha wahi mapema wiki, nafasi zinajaa haraka karibu na masika. Mtoto mdogo unaruhusiwa kwenda nae ila beba maji ya kunywa, bomba la pale linatoka siku likijisikia.