Chaja ya ampea 1 kwa gari linalolala majira ya baridi: uzoefu wangu

Hii ni chaja ndogo ya kutunza betri za volti 12. Inatoa ampea 1, kasha lake haliingizi maji, na inakaa vizuri juu ya rafu au ikining'inizwa ukutani. Nimeitumia misimu mitatu kwenye gari la petroli lenye betri ya ampea-saa 60, ndani ya gereji isiyopashwa joto, kuanzia Novemba hadi Machi. Naipendekeza bila kusita, mradi mnunuzi ajue anachonunua: inazuia betri nzima isife. Betri iliyokwisha kufa inahitaji mashine nyingine.

Gari lililozimwa na kufungwa milango bado linakula umeme. Kengele ya wizi, kipokezi cha rimoti na kompyuta ambazo hazilali kabisa huvuta miliampea 20 hadi 50, na hiyo si hitilafu. Tuchukue 30. Kwa siku ni ampea-saa 0.72, kwa hiyo betri ya 60 inabaki nusu baada ya wiki sita hivi, na hapo baridi ndiyo kwanza imekolea. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye nyuzi −50, kwa sababu asidi yake ni nzito. Iliyoisha, asidi imeingia kwenye sahani za risasi zilizo ndani na kilichobaki humo ni karibu maji matupu, nayo yanaganda kwenye nyuzi −10 hivi. Barafu inapotanuka, sahani zinapinda na kasha linapasuka. Na hata baridi isipofika huko, betri ikikaa wiki nyingi chini ya volti 12.4, salfeti, yaani chumvi ya risasi inayojengeka betri ikipungua, inakomaa kwenye sahani na kuwa fuwele ngumu. Uwezo unaopotea kwa njia hiyo haurudi wote, chaja iwe nzuri namna gani.

Chaja inafanya kazi kwa awamu. Kwanza inasukuma ampea 1 mpaka volti zifike 14.4, inashikilia hapo huku mkondo ukipungua, kisha inashuka na kutulia karibu na 13.5. Kwa multimita yangu inasoma kati ya 13.5 na 13.6, wiki hata wiki, na uthabiti huo ndio ulionifanya niiamini. Chaja za zamani zisizojirekebisha zinaendelea kusukuma hata betri ikishajaa. Maji yanachemka na kupotea, sahani zinabaki juu kavu. Hii unaiacha miezi minne bila wasiwasi.

Kitufe chenye alama ya theluji msikipuuze. Betri yenye baridi inapokea umeme kwa uzito, hivyo inataka volti za juu kidogo kuliko ile ya joto. Kitufe hicho kinapandisha kikomo kutoka 14.4 hadi 14.7, na ndicho cha kubonyeza gereji ikiwa chini ya nyuzi 5. Betri za AGM, ambazo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, nazo zinatumia kitufe hichohicho. Ila betri za lithiamu ni habari nyingine kabisa: zile za fosfati ya chuma hazichajiwi chini ya sifuri, na chaja hii si yake.

Kwenye boksi kuna nyaya za aina mbili, za klipu na za pete zinazofungwa kwa nati. Kwa gari linalolala, tumia za pete. Klipu za chaja hii zina taya nyembamba, zinashika kwa ncha mbili tu za meno, na mtu akifunga boneti kwa nguvu klipu inaweza kuteleza. Gari likiwa chini ya turubai, nani ataona? Utagundua Machi. Pete nyekundu inakwenda kwenye ncha chanya ya betri. Nyeusi nashauri ifungwe kwenye nati ya bodi ambayo haijapakwa rangi, si kwenye ncha hasi yenyewe. Magari mengi ya sasa yana kisanduku kidogo cha plastiki juu ya ncha hasi. Hiyo ni sensa inayopima mkondo unaoingia na kutoka. Ukifunga waya moja kwa moja kwenye ncha, umeme unaingia bila kupita kwenye sensa, na kompyuta ya gari inabaki ikidhani betri imepungua.

Angalia pia fyuzi. Kwenye nyaya hizi ni ya ampea 10 na imekaa upande wa pete, sentimita 15 hivi kutoka kwenye betri, na hapo ndipo panapostahili. Waya ukichubuka dhidi ya chuma, chaja haina nguvu ya kuwasha moto, lakini betri inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Fyuzi iliyowekwa upande wa chaja isingezuia kitu. Waya wenyewe upitishe kwenye kona ya boneti ambako kuna mpira, usibanwe na chuma.

Utaratibu wa kuunganisha ni betri kwanza, soketi ya ukutani baadaye. Kuondoa ni kinyume chake. Betri inayochajiwa inatoa hidrojeni, na cheche hutaki itokee karibu nayo.

Kosa ninaloliona sana ni kuitundika chaja hii kwenye betri iliyobaki nusu na kutegemea itajaa usiku huohuo. Betri ya ampea-saa 60 iliyobaki nusu inahitaji 30 na zaidi kidogo, kwa kuwa sehemu ya umeme inapotea kama joto. Kwa ampea 1 ni siku moja na nusu au karibu mbili. Ikiwa volti zimeshuka sana, chaja haianzi kuchaji kabisa, inapepesa taa nyekundu tu. Jaza kwanza kwa chaja ya ampea 5 au 6, iache betri ipumzike usiku mzima, pima. Ikisoma 12.6 au zaidi, sasa ifunge hii ndogo. Betri uliyoikuta imeganda, au imevimba ubavuni, usiichaji hata kidogo, inaweza kupasuka. Iliyoganda ingizwe kwenye joto iyeyuke yenyewe kabisa, kisha kagua kasha. Likiwa na ufa, ni ya kutupwa kwa wanaopokea betri chakavu.

Sasa kasoro. Umeme ukikatika na kurudi, chaja inasahau alama ya theluji na kuanza tena kwenye 14.4. Si hatari, lakini kwenye baridi kali betri haijai kamili, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili inabidi kupita kuangalia taa. Ya pili ni kubwa zaidi kwangu: taa ya kijani haisemi kwamba betri ni nzima. Inasema tu kwamba betri imeacha kupokea. Betri iliyochoka, yenye theluthi moja ya uwezo wake, inajaa haraka na taa inakuwa kijani mapema kuliko ya betri mpya. Kipimo cha kweli ni kuchomoa chaja, kusubiri saa 12, kusoma volti, kisha kumwomba mtu apige stata huku multimita ikiwa kwenye betri. Zikianguka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, na hali ya hewa si ya kuganda, betri hiyo ibadilishwe kabla ya msimu. Kwenye nyuzi −18 hata betri nzima hutoa karibu nusu tu ya nguvu zake za kuwashia, na oili nayo inakuwa nzito.

Chaja pia imewafanya watu wengi wadhani gari lote limeshatunzwa. Halijatunzwa. Kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ipimwe kwa kipimo cha mwanga, kile cha kudondoshea tone moja kwenye kioo na kuchungulia. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa glaikoli (dawa ya kuzuia kuganda) na maji yaliyotoneshwa unastahimili hadi nyuzi −37. Kuongeza glaikoli bila kipimo hakusaidii: ikivuka asilimia 70, kulanti inaanza kuganda mapema zaidi, na inabeba joto vibaya. Oili ibadilishwe kabla ya kulaza gari, si baada, kwa kuwa oili chafu ina maji na asidi ambazo zingeshinda miezi minne juu ya beringi. Tangi lijazwe karibu lote ili nafasi ya hewa yenye unyevu iwe ndogo, dawa ya kutunza petroli itiwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha injini iendeshwe dakika 10 ili mafuta yenye dawa yafike kwenye nozeli. Ukitia dawa na kuzima papo hapo, imebaki tangini tu.

Matairi yaongezwe upepo hadi karibu baa 3, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa sababu kila nyuzi 10 zinazoshuka zinaondoa baa 0.1 hivi na tairi laini hulala upande mmoja. Breki ya mkono iachwe wazi, gari liwekewe vigingi kwenye magurudumu na liachwe likiwa kwenye gia. Pedi zikikaa zimebana diski yenye unyevu, kutu inazigandisha pamoja, na ukilazimisha gari kuondoka unaweza kuung'oa utando wa pedi kutoka kwenye bamba lake. Kabla ya yote hayo, osha chumvi ya barabarani chini ya gari na ulikaushe kwa kuliendesha, maana chumvi yenye unyevu haipumziki. Panya wanapenda injini iliyotulia: ziba mdomo wa bomba la moshi na njia ya hewa kwa sufi ya chuma, na bandika karatasi kwenye usukani inayosema umeziba wapi.

Kuwasha injini dakika tano kila Jumapili, jambo ambalo wengi huliona ni huruma kwa gari, ni bora liachwe. Kuunguza lita moja ya petroli kunazalisha karibu lita moja ya maji kama mvuke. Injini isipopata joto kamili, sehemu ya mvuke huo inabaki kwenye bomba la moshi na kwenye oili, ambako inafanya ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko. Stata imekula umeme ambao dakika tano za alternata kwenye baridi haziwezi kuurudisha. Chaja ikiwepo, sababu ya kuwasha haipo tena.

Kama gereji haina soketi, fungua waya wa ncha hasi, au toa betri kabisa uiweke ndani na kuichajia huko. Hakikisha kwanza buti lina tundu la ufunguo wa kawaida. Kuna magari ambayo buti halifunguki bila umeme, na betri imo humo humo.

Machi ikifika, chomoa chaja kwenye soketi, ziba plagi ya waya wa pete kwa kofia yake ya mpira na uuache ndani ya boneti kwa msimu ujao. Rudisha upepo wa matairi kwenye kipimo cha kibandiko cha mlango, pima oili, tazama chini kama kuna tone. Kisha soma karatasi iliyo kwenye usukani na utoe sufi ya chuma yote kabla ya kugusa ufunguo.