Mwaka Mmoja na Mfuko wa Ruzuku: Tathmini ya Shirika Dogo la Lishe kutoka Kilolo

Shirika letu lina watumishi watatu wanaolipwa, wanane wa kujitolea, na ofisi ya vyumba viwili Kihesa, Iringa mjini. Kazi yenyewe iko wilayani Kilolo, kwa akina mama wenye watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka uliopita tulipata ruzuku yetu ya kwanza kutoka katika mfuko wa hisani wenye makao yake Dar es Salaam, ambao husaidia mashirika yasiyo ya kiserikali ya mikoani. Kwa kuwa andiko letu la pili la kuomba ruzuku liko mezani kwao hivi sasa, na kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si ya kusifia, nitauita Mfuko tu. Nimeandika tathmini hii kwa ajili ya makatibu na wahasibu wa mashirika ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe ambao wamekuwa wakiniuliza kama kuna faida yoyote ya kuhangaika na maombi yale marefu.

Kwanza nieleze tulichoomba fedha kwa ajili yake. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika nchi nzima asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, lakini Njombe ni asilimia 50.4 na Iringa ni asilimia 56.9. Utafiti wa Kitaifa wa Lishe wa mwaka 2018 ulikuwa umeikuta Iringa na asilimia 47.1. Mgeni akishuka Ilula na kukuta matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu yamejipanga kando ya barabara kuu, kisha akapanda Dabaga na kuona viazi, mahindi na mbogamboga, hushindwa kuamini takwimu hizo. Sisi tunaoingia majumbani hatushangai. Mayai na maziwa huuzwa, maharage mazuri huenda sokoni, mama huondoka alfajiri kwenda shambani akarudi jioni, na mtoto huachiwa dada yake wa miaka minane pamoja na sufuria ya uji mtupu uliopikwa mara moja kwa siku nzima. Kwa hiyo tuliomba fedha za mapishi darasa vijijini, yaani akina mama kupika pamoja kwa chakula kile kile walicho nacho nyumbani, na za kuwawezesha watu wetu wa kujitolea kushiriki katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayofanyika kila robo mwaka.

Kuhusu hatua ya maombi, sina mengi mazuri ya kusema. Fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, kurasa nyingi, pamoja na jedwali la malengo, shughuli na viashiria ambalo hata mjumbe wetu wa bodi aliyestaafu ualimu wa sekondari alilitazama siku mbili kabla ya kukiri kwamba halielewi. Mwenyekiti wetu, mama ambaye amekaa na vikundi vya Kilolo kwa miaka zaidi ya ishirini na anayejua ni kaya gani inaficha mtoto mgonjwa, hakuweza kuchangia hata sentensi moja katika andiko la kazi yake mwenyewe. Tulimlipa kijana mmoja mjini atuandikie. Andiko likatoka zuri, na likatoka si letu. Miezi kadhaa baadaye tulikuwa bado tunagundua ahadi ambazo hatukukumbuka kuzitoa. Mfuko unaosema umekuja kwa ajili ya mashirika ya wilayani ungepaswa kupokea maombi kwa Kiswahili na kugharamia tafsiri wenyewe, maana wao ndio wanaoihitaji.

Kiasi tulichopewa kilikuwa kidogo chini ya shilingi milioni 20, na wenzetu kadhaa niliozungumza nao walipata kiasi kinachokaribia hicho hicho. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya 2002, zinataka mkataba unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili kwa ajili ya idhini ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Silaumu kanuni wala simshutumu yeyote kwa kuikwepa. Ninachosema ni kwamba mwombaji mpya asiote ndoto za milioni 50, na apange kazi inayotosha ndani ya uzio huo.

Lililotuumiza zaidi ni kalenda. Mkataba tuliusaini mwezi wa Oktoba, fedha zikaingia benki wiki ya pili ya Februari. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni miezi minne ya kusubiri, jambo la kawaida katika taratibu za fedha. Kwa Kilolo ni tofauti ya dunia mbili. Oktoba mashamba bado yanaandaliwa, njia ni kavu, na mama anaweza kukaa nawe saa mbili chini ya mti. Februari ni palizi; mvua imeshika, pikipiki zinateleza, ghala limebaki na debe mbili, na mama aliyeko shambani tangu asubuhi hawezi kuja kufundishwa kupika maharage ambayo hana. Isitoshe huo ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi inapogemwa na kinywaji kuwa rahisi kuliko soda, mkutano wowote unaoitishwa baada ya saa nane mchana una wahudhuriaji ambao ni heri wasingekuja, na wapo watoto wanaonyweshwa ulanzi ili walale. Tulitaka mapishi darasa ya kwanza yafanyike kabla ya msimu huo, ili jambo hilo lizungumzwe mapema. Tulianza katikati yake.

Nilipoomba kwa barua kwamba shughuli za Februari na Machi zisogezwe hadi Juni, baada ya mavuno kuanza, nilijibiwa kwamba mwaka wa fedha wa Mfuko unafungwa mwezi huo huo wa Juni na kwamba salio lolote lingeonekana kama fedha iliyoshindwa kutumika. Ilichukua barua tatu na simu nyingi kupata nyongeza ya miezi miwili. Waliitoa, nawashukuru, lakini shirika lisilo na katibu mkaidi lingekata tamaa kwenye barua ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe tena. Mwezi Machi Mfuko ulituletea mhasibu wao akae nasi siku nne. Nilitegemea ukaguzi. Dada yule alifika na daftari, akavua viatu mlangoni, akaomba aone boksi la risiti, na alipoliona hakusema neno kwa muda. Tatizo letu kubwa lilikuwa manunuzi ya kijijini. Mkataba ulidai risiti ya mashine ya EFD, ile ya kielektroniki ya kodi, kwa kila matumizi, ilhali sisi tunanunua mayai kumi kwa mama mmoja, mafungu matatu ya mchicha kwa mwingine, na kuni kwa mzee ambaye hajawahi kuandika jina lake. Watangulizi wangu walikuwa wakitatua tatizo hili kwa njia ambayo mashirika mengi wanaijua na hakuna anayeiandika: unanunua mchicha kijijini, unatafuta risiti ya duka la mjini. Mhasibu alitukataza hilo kwa upole na ukali kwa pamoja, akakaa nasi kuunda hati ya malipo ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye jina la muuzaji, kitu, kiasi, sahihi au dole gumba, na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji pembeni. Kisha akafanya lile ambalo sikulitarajia: akaipeleka hati hiyo kwa wakubwa wake ikakubaliwa rasmi kwa manunuzi madogo. Siku ya kwanza tulipoitumia, mama muuza mayai aliuliza, "Sasa mwanangu, hii ndiyo kusema serikali itanidai kodi ya kuku?" Tulicheka, lakini ilibidi tumweleze taratibu mpaka akubali kuweka dole.

Siku nne zile zimebadilisha ofisi kuliko fedha zenyewe. Tuna daftari la masurufu linalofungwa kila Ijumaa. Tumejua tofauti ya bajeti na mpango wa fedha mkononi. Mkaguzi wa hesabu alipokuja mwisho wa mwaka alimaliza kazi kwa muda mfupi, na malipo yake yalitoka ndani ya ruzuku, jambo ambalo wafadhili wengi hulikimbia. Kwa hakika hapa Mfuko unastahili sifa zote: walikubali kulipa kodi ya pango, umeme, na sehemu ya mshahara wa mhasibu wetu bila kutulazimisha kuvificha ndani ya "semina". Nimefanya kazi katika sekta hii miaka kumi na mmoja, na nimewahi kuona shirika likinunua karatasi za kuchapia kupitia kifungu cha viburudisho kwa sababu mfadhili hakutaka kusikia habari za ofisi.

Jambo la pili la kusifia lilianza kama ugomvi. Katika jedwali la viashiria, yule kijana wetu wa mjini alikuwa ameahidi kwamba mradi wa miezi kumi ungepunguza udumavu kwa asilimia fulani katika vijiji husika. Ofisa miradi wa Mfuko akaidai ahadi hiyo. Ilinibidi nieleze kwamba udumavu hupimwa kwa urefu wa mtoto ukilinganishwa na umri wake, na kwamba sehemu kubwa ya madhara hutokea ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kufikisha miaka miwili. Mtoto wa miaka minne aliyedumaa hatarefuka kwa mapishi darasa sita. Shirika linalodai kushusha udumavu ndani ya miezi kumi ama halikupima, ama limepima vibaya, ama linadanganya. Nilitarajia kukemewa, na badala yake ofisa yule alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Basi katibu, niambie kinachoweza kubadilika kwa kweli." Tukakubaliana kuhesabu watoto wa miezi sita hadi ishirini na mitatu ambao jana yake walikula vyakula vya makundi mengi zaidi, na idadi ya milo waliyopata kwa siku. Kiashiria hicho hakina mvuto kwenye karatasi za ukutani. Ila ni cha kweli, na wahudumu wetu wanaweza kukipima kwa kuuliza tu.

Kuhusu picha, nitasema kwa ufupi. Walitaka picha ya akina mama wakifungasha unga wa lishe katika mifuko yenye nembo. Hatutengenezi unga, na wataalamu wa lishe wamekuwa wakiukosoa ule unaochanganya nafaka nyingi kwa pamoja, kwa hiyo picha haikupigwa.

Mwishoni mwa mwaka tulikutanishwa Mbeya, siku mbili, mashirika yote yaliyopata ruzuku katika kanda. Wenzetu wa Makete waliondoka nyumbani usiku wa manane, na sisi tuliipita Mafinga, Makambako na Chimala ndani ya basi lililokuwa na watu waliosimama hadi mlangoni. Posho ilikuwa ya kutosha, ukumbi ulikuwa mzuri mno kuliko ulivyohitajika. Siku ya kwanza ilikwisha kwa hotuba. Siku ya pili, baada ya wakubwa kuondoka kuwahi ndege katika uwanja wa Songwe, ndipo mkutano ulipoanza. Wenzetu kutoka Njombe, mkoa ambao utafiti wa 2022/2023 uliukuta na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote wa Tanzania, walieleza namna wanavyowafuatilia akina mama wanaonyonyesha walioacha dawa wakati wa palizi. Tuligundua kwamba kalenda iliyotukwamisha sisi ndiyo inayowakwamisha wao. Tukaandika barua moja ya pamoja kwa Mfuko. Nasikitika kwamba nafasi hiyo haikuwa kwenye ratiba. Tuliiiba katika muda wa chai.

Kila mkutano huwa na swali la uendelevu, na hapo nina ugomvi usiokwisha. Tuliulizwa mara nne tutajiendeshaje ruzuku ikiisha. Mfano uliotolewa ulikuwa Neema Crafts ya hapa hapa Iringa, iliyoanza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana na inayoajiri watu wenye ulemavu, ikiuza bidhaa za mikono na kuendesha mgahawa. Ni kazi ya kuheshimiwa, nami hupeleka wageni wangu pale. Lakini wao wana kitu cha kuuza. Mama wa Kilolo anayeuza mayai ili anunue daftari la mtoto wa darasa la tatu hatalipia darasa la kumshawishi asiyauze. Kazi ya namna hii mwishowe ni ya halmashauri, ambayo tayari ina wajibu wa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na tungefurahi kama Mfuko ungetumia uzito wa jina lake kutusindikiza kwenye vikao vya bajeti badala ya kutushauri tufungue mgahawa.

Kwa anayeuliza kama aombe: aombe, iwapo shirika lake lina usajili hai, mtu mmoja anayeweza kuandika barua tatu bila kukasirika, na akiba ya kuendesha ofisi miezi minne wakati fedha ziko njiani. Asiye na akiba hiyo atafute kwanza kikundi cha kushirikiana nacho. Aandike andiko lake mwenyewe kwa Kiswahili, kisha ndipo atafute mfasiri, na asikubali mfasiri amwongezee ahadi. Aombe mhasibu aje mapema, mwezi wa kwanza, wala asisubiri aletewe.

Andiko letu la pili tulilituma Mei. Mwenyekiti aliliandika kwa mkono, kurasa tisa, nami nikalifasiri. Katika ukurasa wa kwanza tumeomba fedha zifike kabla ya tarehe 1 Septemba, na tumeambatanisha kalenda ya kilimo ya Kilolo, mwezi kwa mwezi, palizi ikiwa imepigiwa mstari mwekundu.