Mafundi walioziba tundu la sudo kwenye seva yetu ya Kirumba: kazi safi, bili ina walakini

Ofisi yetu hununua dagaa na sangara jirani na soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kumbukumbu zote za mizani na malipo ya wavuvi hukaa katika seva moja, yaani kompyuta kuu ya ofisi, inayotumia mfumo endeshi wa Ubuntu, toleo la 24.04. Makarani watano wana akaunti humo, wala hakuna hata mmoja wao anayeruhusiwa kugusa mipangilio ya mashine. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 niliwaita mafundi wa kompyuta kutoka katikati ya mji, baada ya kusoma kwamba CISA, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama wa mitandao, imeiingiza kasoro ya programu ya sudo, yenye namba CVE-2025-32463, katika orodha yake ya kasoro ambazo wahalifu wamekwisha kuzitumia. Jina la mafundi hao nalihifadhi, kwa kuwa pamoja na sifa ninazowapa nina lawama mbili.

Kwa asiyeifahamu, sudo ndiyo programu inayompa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine kwa amri moja, mradi jina lake limo katika orodha ya walioruhusiwa. Ni kama karani kuazimwa ufunguo wa kabati la fedha, akatoa kilichotumwa, akaurudisha. Kasoro yenyewe iliingia katika toleo la 1.9.14 la mwaka 2023, na ilihusu chaguo la -R, ambalo huiambia sudo ilichukulie folda fulani kana kwamba ndiyo mzizi wa mfumo mzima. Programu ilikuwa ikiingia katika folda hiyo kabla haijamaliza kuuliza kama aliyeitaja ana ruhusa. Ikishaingia humo husoma faili la nsswitch.conf, linaloelekeza mfumo utafute wapi majina ya watumiaji, ambalo mtumiaji mwenyewe amelitega, na kwa maelekezo ya faili hilo hupakia maktaba ya programu iliyoandaliwa na yeye yule, tena kwa nguvu zote za msimamizi. Hivyo karani yeyote mwenye akaunti, hata asiyekuwemo katika orodha, angeweza kujifanya mwenye mashine.

Aliyetumwa kwetu ni binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Alinisalimu shikamoo, akakataa chai, kisha akaomba akaunti ya karani badala ya yangu. Nilishangaa, naye akanieleza kwamba tundu hili hupimwa kutoka upande wa mtu asiye na ruhusa. Aliandika amri ya sudo yenye chaguo la -R na jina la folda ambayo haipo. Mashine ikajibu kwamba folda haionekani. Jibu hilo, kwa utulivu wake, ndilo lililonitisha, kwani maana yake ni kwamba sudo ilikwisha kwenda kuitafuta folda kabla ya kumuuliza karani yeye ni nani.

Kupakua na kuweka sasisho kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha maji. Nikamwomba anionyeshe namba ya toleo, nikaona 1.9.15p5, ile ile ya mwanzo, nami nilikuwa nimesoma kwamba marekebisho yamo katika 1.9.17p1 iliyotolewa tarehe 30 Juni 2025. Nikamwambia waziwazi kwamba sitalipia namba ambayo haijabadilika.

“Mama, hiyo namba usiitazame peke yake,” alisema. “Ubuntu hawabadilishi toleo zima, wanachukua kiraka tu na kukishonea kwenye toleo lako.”

Akafungua orodha ya vifurushi, akaweka kidole chini ya mkia wa jina: 3ubuntu5.24.04.1. Hapo ndipo alama ya marekebisho ilipo. Kisha, bila kuombwa, akarudi kwenye akaunti ya karani na kurudia amri ya mwanzo neno kwa neno. Safari hii mashine ilimkatalia kwamba hana ruhusa ya kutumia chaguo hilo, na habari ya folda haikuigusa kabisa. Nimekwisha kuwalipa mafundi wengi waliosema “tayari” wakafunga begi. Huyu ni wa kwanza kunionyesha ugonjwa na kupona kwa kipimo kimoja.

Alitafuta pia kwa nini seva ilikaa miezi mitatu bila kiraka, akakuta masasisho ya usalama, ambayo Ubuntu huyaweka yenyewe, yamezimwa. Fundi aliyetufungia mashine mwanzo aliyazima ili kuokoa bando, na hakuwahi kutuambia. Binti akayawasha. Katika kupitia akaunti alikuta moja ya karani aliyeacha kazi mwaka jana, bado hai na neno la siri ni lile lile. Hilo ni kosa langu na nimelikubali.

Sasa lawama. Ya kwanza ni risiti: niliandikiwa ya mkono, na ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, niliipata siku ya tatu, baada ya kupiga simu mara mbili. Ya pili ni safari ya Sengerema, tulikokuwa na kompyuta nyingine. Daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko tangu Juni 2025, lakini nauli na posho ya nusu siku zilidaiwa zote. Huko ikaonekana mashine inatumia Ubuntu 22.04 yenye sudo 1.9.9, toleo la zamani ambalo kasoro hii haikuwahi kulifikia. Ilihitaji kiraka cha kasoro nyingine iliyotangazwa pamoja nayo, CVE-2025-32462, ambayo hudhuru tu pale orodha ya ruhusa inapotaja mashine moja moja kwa majina, nasi hatuna orodha ya namna hiyo. Karani wa Sengerema angenisomea namba hiyo kwa simu kama wangeniuliza kabla ya kuwasha gari.

Kwa ufundi nawapa nyota tano, kwa hesabu tatu. Wakija tena watakuja kwa ajili ya Kirumba. Ya Sengerema tutaanza na simu.