Studio ya ghorofani Double Road: kuunganisha picha wanajua, kuprinti bado

Haya, wale mnaoniuliza picha za projekti ya sanaa ya mdogo wangu zilitengenezwa wapi, ni hapahapa Moshi, kijistudio cha ghorofani maeneo ya Double Road. Jina naliacha maana nina ya kusifia na nina ya kulalamikia. Nisipige chenga: kwa kupanga na kuediti wako vizuri kuliko nilivyotegemea, kwenye kuprinti sasa, mmh.

Dogo yuko sekondari anachukua sanaa, mwalimu wao akataka picha tatu za mada moja, kila picha iwe imeunganishwa kutoka picha kadhaa, na michoro ya maandalizi iambatanishwe. Akachagua maji. Wazo lake la kwanza lilikuwa barafu ya Kibo, kilele kirefu cha mlima wetu Kilimanjaro, inayeyuka inadondokea kwenye ndoo, mwalimu akalirudisha akamwambia maji ya mifereji yetu mengi ni mvua ya msituni, sio barafu, katafute vizuri. Basi ikawa mlima juu, msitu katikati, mfereji unashuka kihambani, shamba la migomba la nyumbani, mpaka unaingia kwenye bomba la uani na bibi yetu kakinga ndoo. Kuisema hivyo rahisi, kuifanya ionekane kweli ndio kazi.

Kilichonifurahisha kwa yule kaka wa studio, tulipofika hakugusa kompyuta kabisa. Alichukua daftari la dogo akamwambia chora, hata kama ni vijiti, halafu onyesha jua linatokea wapi kwa mshale, kila kipande mshale wake. Dogo alikuwa na picha nzuri mno ya bibi ya Krismasi, kavaa kanga mpya, anacheka, ila jua linampiga kutoka kushoto. Na mlima wetu ukiupiga asubuhi kutokea mjini uko kaskazini yako, kwa hiyo mwanga unakuja kulia. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema si unaigeuza tu picha ya bibi. Akaigeuza kweli tuone. Maandishi ya kanga yote yakawa kinyumenyume! Nikasema basi geuza mlima. Akacheka, akasema "Dada, nikigeuza huu mlima Mawenzi inahamia Machame, kuna mtu wa Moshi hatajua hapo?" Kile kilele cha Mawenzi kiko mashariki, Machame iko magharibi. Nikanyamaza.

Ikabidi dogo apande Uru, huko mlimani kwa bibi, alfajiri akampige bibi picha upya, na maelekezo aliyopewa nayaweka hapa maana ndiyo yenye faida kwa mwenye mtoto mwenye kazi kama hii. Simama ukiangalia upande wa mlima hata kama wenyewe umejifunika, ili jua likae upande uleule. Wahi, sio tu kwa sababu mawingu yanaufunga mlima mapema, ila mwanga wa asubuhi una kamanjano fulani, ukija kuchanganya na picha ya saa sita mchana ambapo kivuli kiko chini ya miguu, hata asiyejua picha ataona kuna kitu hakijakaa. Simu iwe usawa uleule wa kifua kwa kila kipande. Usimsogelee sana bibi, rudi nyuma, ukimbana na simu pua inakuwa kubwa na ndoo inavimba. Na hakuna kudownlodi picha Google, kwanza ni za watu, pili nyingi ni ndogo, A3 ya kuprinti vizuri inataka kama pikseli 3508 kwa 4961, sasa wewe unaleta kapicha ka pikseli 800, utaprinti ukungu. Picha zikitumwa WhatsApp zitumwe kama dokumenti maana ukituma kawaida zinabanwa.

Kuediti kwenyewe alifanya kwa Photopea, ile inayofunguka kwenye brauza, ya bure, matangazo tu pembeni. Nilidhani ni mbwembwe za kukwepa kununua programu lakini ana hoja, alitaka dogo aweze kuendelea mwenyewe kwenye laptopu yoyote, na faili zinabaki kwenye mashine yako hazipandishwi popote, na inasevu PSD, faili linalotunza vipande vyote vya picha kila kimoja peke yake, kama Photoshop. Hakufuta kitu hata kimoja, kila alichotaka kukitoa alikifunika kwa maski, ukikosea unakirudisha. Kivuli cha bibi alikichora kwenye leya yake, yaani tabaka linalokaa juu ya picha nyingine, akaiweka Multiply ili itie giza kilicho chini, karibu na miguu kikali halafu kinafifia kadiri kinavyoenda mbali. Ila kilichoniacha mdomo wazi ni maji. Walimwaga maji kwa kikombe mbele ya kitambaa cheusi, wakapiga picha nyingi nyingi, akachagua moja akaiweka juu akabadilisha leya kuwa Screen, weusi wote ukapotea pale pale yakabaki maji tu yanarukaruka kwenye ndoo. Dogo alipiga kelele mpaka wateja wakageuka.

Eti kumbe mambo haya ni ya zamani, akamwonyesha dogo kazi ya Oscar Rejlander, huko Uingereza mwaka 1857, aliunganisha negativu zaidi ya 30 kupata picha moja, bila kompyuta wala nini. Dogo kaiweka kwenye maelezo yake.

Sasa lawama. Ile studio ni ya pasipoti saizi, kila anayeingia na haraka yake ya bakgraundi ya bluu anahudumiwa kwanza, wewe wa projekti unaachwa na mausi ya kompyuta mkononi. Unalipia kwa picha, elfu kumi na tano moja, kwa hiyo hela haipotei ila muda unapotea kweli kweli. Halafu printi. Kwenye skrini msitu kijani hadi raha, karatasini ukatoka mweusi na mlima una ubluu kama umepigwa usiku. Kumbe skrini yao imewekwa mwanga mpaka mwisho, na hawakutoa hata kipande kidogo cha majaribio kabla ya A3. Dada wa kaunta akaanza kusema ndivyo picha ilivyo, nikamwambia mdogo wangu hapana, hii hatuchukui. Yule kaka alikuja akakubali, akapandisha mwanga akarudia, ila tulichajiwa nusu bei ya karatasi na hilo mpaka leo sijalipenda.

Kwa hiyo mkienda, nendeni katikati ya wiki asubuhi, muwe na mchoro tayari na flashi ya kubebea faili, na msiondoke bila PSD yenye leya zote, dogo ndiyo aliyomfungulia mwalimu akawa anazima leya moja moja kumwonyesha kipi kilitoka wapi. Kuprinti tafuteni pengine, na popote mtakapoenda dai kajaribio ka A5 kwanza, shilingi mia tano tu hiyo.